Maswali ya Wasomaji: Kuifuata Salfaidi kwa Miamba na Sura ya Nchi

Safari hii tumekusanya maswali kuhusu utafutaji wa salfaidi, yaani madini ambamo chuma, shaba, nikeli, risasi au zinki imeungana na salfa. Wanajiolojia wa safu hii wamejibu. Maswali tumeyafupisha, hoja zake hatukuzigusa.

Swali: Mgongoni mwa kilima kuna mwamba wa hudhurungi, mzito, wenye matundu kama sega la nyuki. Mwenzangu anasema ni gosani na chini yake kuna salfaidi. Mwingine anasema ni laterati tu. Nitajuaje kabla ya kuingia gharama za kuchoronga?

Jibu: Kwanza jua vyote viwili vinatokana na nini, kwa sababu kwa macho vinafanana sana. Salfaidi haistahimili hewa na mvua. Pairaiti, yaani salfaidi ya chuma, ikipata oksijeni na maji huvunjika: salfa yake inakuwa tindikali ya salfa, chuma kinabaki kama kutu, na shaba na zinki zinayeyuka na kuzama na maji. Kofia ya kutu inayobaki juu ndiyo gosani. Laterati nayo ni kutu, ila chuma chake kimetoka kwenye mwamba wa kawaida uliooza kwa joto na mvua za miaka mingi mno.

Usihukumu kwa ganda la nje. Vunja jiwe mpaka uufikie moyo wake, kisha litazame kwa lenzi ya mara 10. Ndani ya gosani utakuta vijumba, yaani kuta nyembamba za silika na gothaiti (madini ya kutu ya chuma) zinazozunguka nafasi zilizoachwa na fuwele za salfaidi. Nafasi za mraba mara nyingi ni makazi ya zamani ya pairaiti. Laterati huwa na vipunje vya duara au vijibomba vilivyopinda bila mpangilio. Matundu peke yake si ushahidi.

Kisha tembea. Gosani hufuata mwamba: ni mkanda mwembamba wenye mwelekeo, na ukichimba unaendelea kushuka. Laterati hutanda kwenye usawa mmoja wa nchi, ikafunika vilele vilivyo sawasawa kimo bila kujali mwamba gani uko chini. Nenda ukingoni mwa kilima, mahali ambapo mvua imekata. Ukiona kutu ina unene wa mita chache tu na chini yake ni udongo wa mfinyanzi wenye mabaka, una laterati.

Kuna aina ya tatu inayowapoteza wengi, nayo ni gosani iliyohama. Mahali penye pairaiti nyingi na pasipo chokaa ya kuizima tindikali, chuma chenyewe huyeyuka, hushuka na maji na kuganda bondeni juu ya mwamba usio na chochote. Utaitambua kwa kokoto za aina mbalimbali, pengine hata alama za majani na mizizi, zilizogandishwa pamoja na kutu. Hiyo inakuambia chanzo kiko juu. Usichoronge hapo.

Neno la mwisho ni la maabara, na hapa watu hupima kitu kisicho sahihi. Wanapima shaba peke yake, wakikuta kidogo wanaondoka. Shaba na zinki huenda zilishaoshwa zote. Pima pia vile visivyohama kirahisi: risasi, aseniki, antimoni, bismathi, seleniamu, molibdenamu, fedha. Ukitafuta nikeli, angalia kama nikeli imeandamana na shaba, paladiamu na platinamu. Nikeli nyingi yenye kromiamu na manganizi kwa wingi, bila shaba wala paladiamu, kwa kawaida ni laterati iliyokaa juu ya mwamba wenye magnesiamu nyingi. Manganizi ni mlaghai wa kuangaliwa kila mara, kwa kuwa oksaidi zake hunyonya metali kutoka majini na kuzilimbikiza mahali pasipo na madini yoyote ya maana. Chukua kilo 2 hadi 3 kwa kila sampuli, na sampuli kadhaa kando ya mkanda mzima, maana gosani haina usawa hata ndani ya mita moja.

Zoezi hili lina faida iliyothibitika. Kambalda, Australia Magharibi, uchorongaji wa mwaka 1966 chini ya gosani ya nikeli ndio uliofungua eneo zima la migodi.

Swali: Tulichukua mashapo ya mitoni. Sampuli moja ilikuwa na shaba mara nne ya kawaida. Tulichimba mashimo pale pale ukingoni, hatukuambulia kitu. Maabara ilikosea?

Jibu: Haikukosea. Mlichimba mahali ishara ilipofika, si ilikotoka. Sampuli ya mashapo haielezi ule ukingo mliochota. Inaeleza eneo lote linalomwaga maji yake hapo. Kwa hiyo kabla ya kushika jembe, chukua ramani yenye mistari ya mwinuko, fuata migongo ya vilima, chora mpaka wa eneo la kila sampuli na ukadirie ukubwa wake.

Ukubwa huo hubadilisha maana ya namba. Tuseme kawaida ya nchi hiyo ni 40 ppm (sehemu kwa milioni) za shaba. Kijito cha kilomita 2 za mraba kimetoa 300, na mto wa kilomita 10 za mraba umetoa 160. Wengi wangekimbilia kwenye 300. Sasa ondoa kawaida na uzidishe kwa eneo: kijito kina 260 mara 2, yaani 520, mto una 120 mara 10, yaani 1,200. Ishara ya mto imechanganywa na mchanga mwingi usio na kitu, na bado imebaki inaonekana. Ni hesabu ya kukadiria tu, lakini inatosha kupanga nani atembelewe kwanza.

Baada ya hapo panda. Kwenye kila makutano chukua sampuli katika kila tawi, mita 50 hivi juu ya makutano, ili mafuriko ya tawi jingine yasiwe yamerudisha mchanga wake. Changanya vijisampuli vya sehemu tano au sita za katikati ya mkondo ndani ya mita 30. Epuka udongo ulioporomoka kutoka ukingoni na matope yenye majani yaliyooza. Chekecha upate chembe za chini ya milimita 0.18. Chekeche iwe ya nailoni au chuma cha pua: ya shaba-nyeupe itakupa shaba na zinki zake yenyewe, na ndoo ya mabati itakupa zinki. Pete na bangili zivuliwe. Katika kila sampuli 20, moja iwe ya kurudiwa.

Ishara inapokatika kati ya vituo viwili, chanzo kimo kwenye miteremko inayotiririkia hapo katikati. Hapo ndipo mnahamia kwenye udongo. Mistari ipite ikikata mwelekeo wa miamba, umbali wa mita 100 kati ya mstari na mstari, pointi kila mita 25, kina cha sentimita 20 hadi 40, daima kwenye tabaka lile lile la udongo. Mkichota mboji hapa na udongo mwekundu pale, ramani itaonyesha tofauti za udongo badala ya tofauti za miamba.

Kumbukeni udongo wa mteremkoni hutambaa. Umbo la ishara litakuwa na kichwa upande wa juu na mkia mrefu kuelekea bondeni, na mtaro uchimbwe kichwani, hata kidogo juu yake, si penye namba kubwa kuliko zote. Ndivyo ilivyo pia kwa mawe yaliyoanguka. Yafuate kupanda mpaka yakome, na mtaro uanzie hapo. Mtaro ukizidi mita 1.5 kwenda chini, wekeni nguzo za kuzuia kuta au katani kuta kwa ngazi. Udongo uliooza hauonyi kabla ya kuanguka.

Bonde lililojazwa mchanga wa mto ni jambo jingine kabisa. Udongo wa pale umeletwa kutoka kwingine, hausemi lolote juu ya mwamba ulio chini yake. Kosa ni kulipaka bonde hilo rangi ya "hakuna kitu" kwenye ramani. Lipakeni rangi ya "halijapimwa", kwa sababu salfaidi nyingi ni laini na mwamba wenye salfaidi nyingi mara nyingi ndio unaoliwa na mto.

Na kanuni ya kupanda mlima inavunjika katika nchi zilizowahi kufunikwa na barafu. Barafu hubeba mawe bila kuuliza mteremko unaelekea wapi. Huko Finland, jiwe lenye madini ya shaba lilipatikana mwaka 1908. Mwamba wake mama, Outokumpu, ulifikiwa kwa kuchoronga mwaka 1910, umbali wa takriban kilomita 50, kwa kufuata njia ya barafu kinyumenyume.

Swali: Naambiwa salfaidi inaweza kuwa kwenye miamba ya kila aina. Nianzie wapi kwenye ramani ya jiolojia?

Jibu: Anza na metali unayoitaka, kisha uliza joto, salfa na njia ya kupita vilitoka wapi.

Kwa nikeli, tafuta miamba ya magma (mwamba ulioyeyuka kwa joto la ardhini) yenye magnesiamu nyingi. Magma ikishiba salfa, matone ya salfaidi iliyoyeyuka hujitenga, yananyonya nikeli, shaba na jamii ya platinamu, na kwa kuwa ni mazito yanazama. Kwa hiyo madini yako hayamo katikati ya mwamba. Yamo sakafuni mwake, kwenye mabonde ya sakafu hiyo, na mahali mfereji mwembamba wa magma unapopanuka ghafla. Kitu cha pili cha kutazama ni jirani. Magma nyingi hazina salfa ya kutosha, huiazima kwenye miamba ambayo magma hizo huipasua. Norilsk, Urusi, magma ilipita kwenye matabaka ya chumvi-mawe yenye salfeti. Kabanga, kaskazini magharibi mwa Tanzania, miamba yake imeingia ndani ya matabaka ya mfinyanzi yaliyogeuzwa na yenye salfaidi. Mwamba mzuri wa magnesiamu uliozungukwa na granaiti tupu haustahili subira nyingi.

Kwa shaba na zinki za asili ya volkano, fikiria sakafu ya bahari. Mwaka 1979 wanasayansi walishuhudia, chini ya Pasifiki ya mashariki, mabomba yakifuka maji meusi ya joto la nyuzi 350 hivi, yakitema salfaidi. Malundo ya kale ya salfaidi yalijengwa namna hiyo hiyo. Kutokana na hilo unapata mpangilio wa kufuata uwanjani. Chini kuna mizizi, mwamba uliopasuka na kujaa mishipa ya kalkopairaiti (salfaidi ya shaba na chuma), ambao umegeuka kuwa madini ya kloraiti ya kijani kibichi, na pembeni serisaiti inayoteleza kama unga wa mika. Juu yake kuna lundo la salfaidi tupu, shaba ikiwa upande wa chini, zinki na risasi upande wa juu na pembezoni. Kisha hufuata tabaka jembamba la jiwe la silika lenye chuma lililotanda mbali, pengine kilomita kadhaa.

Tabaka hilo la mwisho ndilo kamba ya kushika. Linakuambia ni sakafu ipi ya bahari iliyokuwa ikifuka, nawe unalifuata mpaka ukute kloraiti upande uliokuwa chini. Tunasema "uliokuwa chini" kwa makusudi, maana miamba ya zamani imekunjwa na wakati mwingine imepinduka. Tazama mito ya lava yenye umbo la mito ya kulalia, au mchanga unaoanza na chembe kubwa na kumalizia na ndogo, ujue juu halisi ni upande gani. Asipojua hilo, mtu huchoronga kuingia paa akidhani anaingia kwenye mizizi. Faraja ni kwamba malundo haya hukaa kwa makundi. Ukipata moja dogo, usiufunge msimu.

Shaba ya mifumo mikubwa iliyotawanyika kuzunguka magma ya granaiti husomwa kwa duara za mabadiliko: ndani fuwele mpya za felspa ya potasiamu na mika nyeusi, kisha serisaiti na pairaiti nyingi, nje kloraiti na epidoti. Mwanajiolojia David Lowell alitumia duara hizo Arizona, Marekani, katika miaka ya 1960. Aliona mgodi wa San Manuel una nusu tu ya duara, akakadiria ufa ulikoipeleka nusu ya pili, akachoronga na kuipata. Inaitwa Kalamazoo. Angalizo: duara yenye kutu ya kuvutia kuliko zote ni ile ya pairaiti, nayo kwa kawaida si yenye shaba nyingi.

Risasi na zinki za miamba tabaka zina mada yake ndefu. Kwa leo itoshe kusema: chokaa iliyoyeyuka na kuvunjika, kingo za mabonde ya kale ya bahari, na nyufa zilizokuwa hai wakati matabaka yakiwekwa.

Swali: Mimea inaweza kunionyesha shaba?

Jibu: Inaweza, kwa kiasi. Zambia na Katanga kuna uwazi msituni ambapo miti haimei kwa sababu ya shaba, na kuna ua dogo la jamii ya mrehani linalostawi hapo, maarufu kama ua la shaba. Lakini uwazi huweza kuletwa na maji yanayotuama, mwamba ulio karibu mno na uso wa nchi, au moto. Ua likuonyeshe pa kuchota udongo, si pa kuchoronga.

Swali: Hatuna fedha za vifaa vikubwa vya jiofizikia. Tumesikia kuna njia ya kupima umeme wa ardhi wenyewe kwa vyungu viwili. Inafaa?

Jibu: Inafaa, na ni ya zamani. Robert Fox aliijaribu migodini Cornwall, Uingereza, mwaka 1830. Bonge la salfaidi lililoungana, lenye kichwa karibu na maji ya ardhini yenye oksijeni na mizizi kwenye kina kisicho nayo, hupitisha elektroni ndani yake, na juu ya uso volti hushuka chini ya sifuri kwa mamia ya milivolti.

Mnahitaji vyungu viwili vinavyovuja polepole, kila kimoja na fimbo ya shaba ndani ya maji yaliyoshiba mrututu (salfeti ya shaba) kiasi kwamba punje chache zinabaki bila kuyeyuka. Mita ya volti yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 10 au zaidi. Na waya wa mita 500 hadi 1,000. Chungu kimoja hubaki kituoni, cha pili hutembea kila mita 10 au 20, kikikaa kwenye kishimo cha sentimita 10 chenye udongo mbichi. Kabla ya kuanza na mnaporudi, wekeni vyungu vikigusana kwenye shimo moja. Tofauti ikizidi milivolti chache, badilisheni mrututu na msiuamini mstari huo.

Sasa hasara zake. Maji yanayopenya kwenye udongo wa mteremkoni huzalisha umeme wake, na vilele hubaki hasi. Choreni mwinuko na volti kwenye karatasi moja: mstari wa volti ukiwa kioo cha mstari wa kilima, mnapima maji. Grafaiti, yaani kaboni nyeusi ya mwambani, nayo hutoa hasi kubwa, hata kupita salfaidi. Na sfaleraiti, salfaidi ya zinki, haipitishi umeme vizuri, hivyo bonge la zinki safi litawapita kimya.

Swali: Ndege ilipima, ikaonyesha mwamba unaopitisha umeme sana. Tulichoronga tukakuta grafaiti. Tungeweza kuepuka?

Jibu: Si kila mara, ila mngeweza kupunguza bahati mbaya. Mkanda wa grafaiti huwa mrefu, kilomita nyingi, ukifuata tabaka moja. Bonge la salfaidi huwa fupi, mamia ya mita. Lenye pirotaiti (salfaidi ya chuma yenye sumaku) pia huvuta sumaku, na lote ni zito: pairaiti ina uzito wa gramu 5.0 kwa sentimita ya ujazo, galena (salfaidi ya risasi) 7.5, wakati mwamba wa kawaida ni karibu 2.7, na grafaiti haifiki hata hapo. Kwa hiyo kabla ya kuchoronga pitisha mistari michache ya vipimo vya graviti (mvuto, unaoonyesha uzito wa mwamba) na sumaku juu ya ishara, na udongo juu yake upimwe. Maji ya chumvi na mfinyanzi mzito navyo hupitisha umeme, lakini hutanda bapa.

Kidd Creek, Canada, iligunduliwa kwa kuchoronga ishara ya umeme ya ndege mwaka 1963. Njia si mbaya. Inajibu tu swali la "kinapitisha umeme?", haijibu "ni nini?"

Swali: Tuna gosani ya kweli yenye upana wa mita 40 mteremkoni. Tuweke wapi mtambo, na tuchoronge mita ngapi?

Jibu: Kwanza, 40 hizo huenda si 40. Tuseme mteremko una nyuzi 25 na mkanda unainama nyuzi 30 kuelekea upande huo huo. Uso wa nchi unaukwangua mkanda karibu sambamba, na unene halisi ni mita 3.5 tu. Mkanda ule ule ukiinama nyuzi 30 kuingia kilimani, unene ni kama mita 33. Bila kujua mwinamo, upana hauna maana.

Mwinamo mnaweza kuusoma kwa sura ya nchi. Fuateni mkanda unapovuka bonde. Ukipita mnyoofu bila kujali bonde, uko wima. Ukifuata mistari ya mwinuko, umelala. Ukipinda kama ncha ya mkuki, ncha inaelekea upande mkanda unakoinamia, isipokuwa pale mto unaposhuka kwa ukali kuliko mkanda wenyewe. Thibitisheni kwa mtaro, maana kutu iliyoporomoka hudanganya.

Mtambo huwekwa upande ambao mkanda unainamia, ukielekezwa nyuma kuukata. Mfano kwenye nchi tambarare: mkanda unainama nyuzi 60 kuelekea mashariki, na mnataka kuukata kwenye kina cha mita 80. Kwenye kina hicho uko mita 46 mashariki ya gosani. Shimo la nyuzi 60 kuelekea magharibi litaanzia mita 92 mashariki ya gosani na kuufikia mkanda baada ya kuchoronga mita 92. Ongezeni mita 30 za kuvuka na kuona mwamba wa upande wa pili, maana mabadiliko ya pale ndiyo yatakayowaambia kama mko karibu na mizizi. Unene mtakaoupata kwenye shimo uzidisheni kwa 0.87 kupata unene halisi. Mteremkoni hesabu hubadilika, hivyo chora mkato kwa kipimo kabla ya kusawazisha uwanja wa mtambo.

Kwa nini mita 80 na si 20? Kwa sababu shimo fupi litaishia kwenye kutu, au kwenye ukanda wa usawa wa maji ambako shaba iliyooshwa juu imelimbikizana. La kwanza litawakatisha tamaa bure, la pili litawapa matumaini yasiyo na msingi. Kama kutu inafika mita 40, lengeni mara mbili yake.

Viini, yaani vipande vya mwamba vinavyotolewa na mtambo, vikitoka, viandikeni na kuvikata sampuli mapema, hasa vyenye pirotaiti, kwani baadhi huanza kuoza ndani ya majuma machache na uzito wake hubadilika. Masanduku yakae pakavu, chini ya paa. Mabaki yasimwagwe kijitoni: yataendelea kutoa tindikali, na mwaka unaofuata sampuli zenu za mashapo zitaonyesha salfaidi mliyoimwaga wenyewe.